Jeancy Amelala kwa Jina Langu

Jumatatu, 2 Septemba 2024

Saa kumi na moja alfajiri nimempa shemeji Jeancy beji yangu. Ovaroli, kofia ya njano, miwani, barakoa ya vumbi – vyote vimemkaa. Kimo chetu ni kimoja. Mado, dada yangu, huwa anasema alichagua mume anayefanana na kaka yake ili asipate taabu ya kuzoea sura mpya. Leo amemzungusha mlangoni, akamkagua, akacheka: "Kwenda, Symphorien. Ukuje na mukate."

Hapa Kolwezi si jambo geni. Ukikosa kazi siku moja bila karatasi ya daktari, beji inabaki getini na wewe unabaki barabarani. Basi mwenye safari anaweka ndugu mahali pake. Mlinzi anaangalia beji, haangalii pua.

Safari yangu ni Mutoshi. Jaribio la udereva wa mashine ya kupakia mawe, kampuni nyingine. Miaka mitatu nimetembea kando ya rulo kwa miguu! Ni ile mashine ya kushindilia barabara za mgodi, tani kumi na nane, na gurudumu lake la chuma linanifika kifuani. Udongo ukimwagiwa maji, matope yanaganda kwenye chuma. Kazi yangu ni kuyakwangua kwa sepetu huku rulo inatembea, maana ikisimama msimamizi anapiga kelele. Jana nilimwelekeza Jeancy kwa utaratibu, mpaka nikamchorea. Tembea ubavuni, si mbele. Kwangua chuma kinapokuacha, si kinapokujia. Ukiitwa Symphorien, itika.

Naandika haya nikiwa kwenye foleni. Watu wanne mbele yangu.

Jumatatu hiyohiyo, saa kumi na mbili jioni

Nimerudi nyumbani, nimeshusha pazia.

Saa nane nilikuwa juu ya kiti cha mashine, ndoo imejaa mawe, mtahini yuko chini ananiinulia kidole gumba. Simu. Angèle, mke wangu. Sauti ndogo sana. Wamempigia kutoka kazini, wanasema bwana yake amelaliwa na rulo.

Na mimi niko mzima, nimekaa juu, nimeshika usukani.

Jeancy! Mguu wa kulia, kutoka unyayo mpaka karibu na goti. Wamemkimbiza kliniki ya kampuni na kumwandika kwa beji. Symphorien, miaka thelathini na minne, msaidizi wa rulo, mke Angèle, watoto wawili.

Jumanne, 3 Septemba

Sheria ya kliniki: inamtibu mwenye beji tu, na anayekaa kitandani kumuuguza ni mke aliyeandikwa kwenye faili. Yaani Angèle. Mado, mke wa kweli, ameandikwa getini kama dada wa mgonjwa. Anashinda nje, kwenye kibanda cha wageni, pamoja na masufuria. Mimi sina mahali. Walinzi wananijua uso. Tangu jana niko ndani, pazia limeshushwa, watoto tumewapeleka kwa jirani wasije wakasema baba yuko chumbani.

Kwa nini tusiseme ukweli? Nimeugawa ukurasa katikati. Upande wa kusema: nitaweza kulala. Upande wa kunyamaza: mwaka jana mtu mmoja wa Kasulo alikatika vidole akiwa na beji ya binamu yake. Walipogundua walimtoa nje ya geti, bendeji haijafungwa hata nusu. Akaenda kutafuta hospitali kwa pikipiki. Vidole vinavumilia pikipiki. Mguu uliosagwa hauvumilii.

Tunanyamaza.

Angèle amerudi kubadili nguo. Ameketi bila kuvua viatu. Amenieleza huku anaangalia sakafu. Muuguzi, mama Darlène, alimletea beseni na kitambaa: "Mama, musafishe bwana yako." Angèle akasimama tu. Kwetu muko, yaani mkwe, haoni mwili wa muko. Wakwe hata sahani moja hawali. Miaka tisa Angèle anamsalimu Jeancy kwa kuinamisha macho, anamwita Tata Muko.

"Uko naogopa nini, mama? Batoto bawili mulibapata na macho ya kufunga?" akamuuliza Darlène.

Wagonjwa wa vitanda vingine wakacheka. Basi akamsafisha. Kila mahali. Jeancy aligeuza uso ukutani, machozi yanamshukia sikioni, anarudia chinichini: "Unisamehe, mama muko. Unisamehe." Na dirishani kulikuwa na uso wa Mado.

Jumatano, 4 Septemba

Stany amekuja. Dereva wa rulo. Alikuwa anamletea Angèle papai na pole. Mlango ulikuwa haujafungwa vizuri, akaniona mezani nakula bukari, ugali wetu. Papai likaanguka.

"Yesu! Sympho – ulikufa ao uko muzima?"

"Ingia ufunge mulango. Batu ba kufa habakule bukari."

"Basi niliponda nani?"

Nimemwambia. Amekaa chini palepale, kando ya papai. Halafu yote yakatoka mara moja. Alimwona mtu akienda nyuma ya chuma na sepetu. Kile kipaza-bip kinacholia rulo ikirudi nyuma kimekufa tangu Juni, najua, niliripoti mimi mwenyewe mara mbili. Kwa hiyo aliita. "Sympho! Sympho, toka! Mara tatu, ndugu yangu! Weye ungeruka kama panya. Ule hata kichwa hakugeuza. Nikasema, amesikia, ameshatoka. Nikarudisha."

Hakugeuza kichwa. Mara tatu ameitwa, na jina si lake! Jumapili nilimwambia aitike, naye akaitika, tulicheka. Lakini katika kelele ile shingo haikumbuki. Shingo inageukia jina ililolizoea tangu utoto.

Kisha Stany akauliza: "Na sababu gani hakugonga?"

Swali hilo ndilo linaloniua tangu hapo.

Kipaza-bip kilipokufa, mimi na Stany tulijitengenezea desturi yetu. Kabla sijaingia nyuma kukwangua, nagonga ubavu wa rulo kwa sepetu mara mbili: ko-ko. Stany anashika breki kidogo, msimamizi asione. Nikitoka nagonga mara moja. Haimo katika sheria yoyote ya kampuni, ni yetu wawili. Miezi mitatu mkono wangu umegonga bila kuniuliza. Nilimfundisha Jeancy geti, miwani, mahali pa kunywa maji, mahali pa kukojoa. Nikamchorea rulo na mishale. Kugonga sikumwambia. Sikuficha, sikupuuza – nilisahau kwamba ni kitu cha kufundishwa!

Stany ameapa hatasema. Mlangoni akageuka: "Lakini usionekane ku kazi, Sympho. Mi siwezi kukuua mara mbili." Alijaribu kucheka. Haikuwezekana.

Alhamisi, 5 Septemba

Mchana nilikuwa nakunja ovaroli ya zamani, nikaona kwenye kifua pale panapobanwa beji. Nyuma ya beji yangu kumeandikwa kundi la damu. A. Na Angèle aliniambia asubuhi kwamba leo wanamwongezea damu!

Nikampigia Mado. "Jeancy ni damu gani?" Hakuelewa. Nikapiga kelele, mimi niliye mafichoni, jirani akagonga ukuta. O, akasema Mado. Alipojifungua mtoto walipimwa wote wawili, yeye Jeancy ni O. Nikamwambia akimbie.

Nimekaa sakafuni nikisubiri. Nimehesabu vigae. Nimeomba Mungu kwa jina la Jeancy, kisha nikaogopa kwamba hata Mungu ana faili.

Mado alimpita mlinzi kwa bega. Darlène alitoka kumzuia kwenye korido. "Mama, kelele ya nini?" Mado akamwambia: damu, beji, A, anakufa. Darlène akamjibu taratibu: "Mi napima damu ya mutu, sipimi ya karatasi. Mugonjwa ni O, nimemupa O." Kisha akaitoa beji mfukoni, akaiangalia nyuma, akaiangalia mbele, ile picha yangu. Akamtazama Mado aliyekuwa analia kama mke. Akamtazama Angèle aliyesimama mlangoni mikono imeshikana kama mgeni.

"Mi naandika damu," akasema. "Majina ni kazi ya ofisi."

Akairudisha beji mfukoni. Tangu hapo, daktari akienda kula, anamwachia Mado dakika kumi kitandani.

Lakini daktari amesema neno lake. Mguu umeanza kuoza. Ukatwe juu ya goti. Angèle anaweza kutia sahihi, ndiye mke kwenye faili. Karatasi ilikuwa tayari. Jeancy akamshika kifundo cha mkono, kwa mara ya kwanza amemgusa muko wake kwa nguvu: "Usiandike. Baba kwanza."

Baba yake ni Tata Polycarpe, yuko Kasaji, analima. Simu yake inashika akipanda kwenye kichuguu tu. Mado amempata jioni. Amemwambia njoo. Kuhusu beji hakumwambia.

Ijumaa, 6 Septemba

Ujumbe kutoka Mutoshi: nimefaulu jaribio! Nifike Jumatatu na faili na cheti cha afya.

Nimeusoma mara sita. Faili yangu imelala kliniki na mguu unaonuka. Nimeufuta.

Mado na Angèle wamegombana uani. Mado: "Weye unamushika mukono siku muzima, mi nachungulia ku dirisha kama mwizi wa kuku!" Angèle: "Twende tubadilishane! Kwenda ujiandike ku faili! Unazania mi natamani ule mukono? Mi nasikia harufu yake mpaka mu bukari!" Majirani walikuwa wanasikia, nikapiga dirisha kwa kiganja. Wakanyamaza. Kisha wote wawili wakalia. Kisha Mado akamvua Angèle gauni, akalifua yeye mwenyewe, kwa sabuni nyingi, bila neno.

Jumamosi, 7 Septemba

Homa kali. Kutoka kwa Angèle, kama alivyonisimulia saa sita:

Mtu wa ofisi alikuja na karatasi ya ajali. Kijana wa tai, mpole, anasoma swali baada ya swali. "Symphorien, ulikuwa unafanya nini wakati mashine ilirudi nyuma?" Jeancy akafungua macho. "Symphorien hayuko hapa. Alienda Mutoshi."

"Ni homa, patron," akasema Darlène, bila kuacha kufunga bendeji. "Asubuhi aliniita Askofu. Nikamubariki."

Kijana akacheka, akafunga kalamu. Atarudi Jumatatu, mgonjwa akiwa na akili zake. Jumatatu! Jumatatu wanataka pia picha ya mgonjwa kwa ajili ya faili. Uso wa Jeancy karibu na picha ya beji yangu. Darlène amemwambia Angèle pembeni: mtu aliyetoka kukatwa mguu habebwi nje, daktari mwenyewe hatakubali, hata jina lake liwe nani. Lakini ambaye bado hajakatwa anaweza kutolewa. Kwa hiyo ni lazima iwe kabla ya Jumatatu.

Nimewaza kumhamishia hospitali nyingine. Darlène amekataa: akitikiswa kwenye gari katika barabara hii, hatafika mwisho wake.

Daktari amepitia saa tisa. Kesho mchana ni mwisho. Baada ya hapo, amesema, yeye hakati; ataita padri.

Jeancy bado anasema: baba kwanza. Karibu hana sauti. Anasema kwa midomo.

Gari la moshi halikupita Kasaji wiki hii. Tata Polycarpe amepanda lori la mahindi.

Nikifa, wataandika nini kwenye msalaba? Hapana. Akifa yeye! Nimeandika "nikifa". Tazama jinsi nilivyochanganyikiwa. Akifa pale kitandani, cheti cha kifo kitakuwa changu. Mado hatakuwa mjane kwenye karatasi yoyote. Angèle atavalishwa nguo za msiba nami nikiwa nyuma ya pazia, nasikia wanaimba.

Jumapili, 8 Septemba

Saa mbili asubuhi. Amefika! Mzee amejaa unga wa mahindi mpaka nyusi. Kutoka njia panda amekuja kwa pikipiki. Hakutaka maji. "Mutoto yangu iko wapi?"

Mado alipiga magoti, mimi nikapiga magoti kando yake. Nimemwambia yote. Beji. Mutoshi. Kugonga. Sikujipunguzia kitu. Kwamba huko kliniki yeye ni baba yangu, na mgonjwa ni mimi. Kwamba akikubali, Angèle atatia sahihi na daktari atakata kabla ya adhuhuri. Kwamba neno moja getini, jina la Jeancy tu, na watamtoa nje afie huko.

Alisikiliza amesimama. Akauliza jambo ambalo hakuna kati yetu aliyeliwaza: "Muguu, banautupa wapi?"

"Kipande cha mutu kinazikwa," mzee akaendelea. "Kinazikwa na jina. Batazika ule muguu na jina ya nani? Wajomba yake bataniuliza ku Kasaji. Nitawaambia muguu wa Jeancy uko mu kaburi ya Symphorien?"

"Tata, ni mi nilikosa. Unilaani mi. Lakini umuache aishi."

"Kulaani ni rahisi." Akajifuta unga usoni kwa kofia. "Mi nilimupa ile jina. Mama yake alikufa siku ile alimuzaa. Hakuna kingine cha mama yake nilimupa, ni ile jina tu, mama mwenyewe alichagua. Leo muniambie niikatae mbele ya askari ya mulango?"

Mado alimshika miguu. "Tata, jina haitembee. Bwana yangu iko na pumzi leo tu."

Mzee akavaa kofia. Alitoka. Tukamfuata.

Saa tatu na nusu. Naandika kwenye benchi la muuza mikate, ng'ambo ya barabara, mkabala na geti la kliniki. Siwezi kusogea zaidi ya hapa. Nimevuta kofia. Hii ni barabara ya magari ya mawe, yanapita yakifuatana, Jumapili hayapumziki.

Angèle ametoka ndani kumpokea mzee. Anamshika mkono. Mado yuko kwenye kibanda cha wageni, kando ya geti, amesimama. Daktari amefika, gari lake nimeliona. Kila kitu kiko tayari isipokuwa neno la mtu mmoja.

Kwa sasa barabara haina lori, nasikia. Mlinzi ni mtu mcheshi, mnene. Anamwonyesha mzee unga kwenye koti: "Tata, umetoka kuoka mukate ao kuona mugonjwa?" Mzee hacheki. Angèle anasema haraka ni baba mkwe wake, ametoka mbali, masikio hayafanyi kazi vizuri.

"Mama, niache niongee na muzee, ata mi niko na baba." Anafungua daftari, analamba kidole. Anapaza sauti: "Muzee! Mutoto yako jina nani?"

Mzee amevua kofia. Hamtazami mlinzi. Anaangalia ng'ambo hii, anatafuta, ameniona. Ananiangalia mimi.

Amefungua kinywa.

Lori. La pili. La tatu. Gurudumu baada ya gurudumu, sisikii kitu, sioni kitu, vumbi tu. La nne.

Sasa vumbi linatua. Mbele ya geti hakuna mzee, hakuna Angèle. Geti limefungwa. Mlinzi ameinama juu ya daftari, anaandika. Mado aliyekuwa amesimama sasa ameketi chini kabisa, kwenye udongo, amejifunika kichwa kwa kitenge, na mabega yake yanatikisika. Sijui ni kilio gani, cha kushukuru au cha kufiwa. Yeye alikuwa karibu, alisikia. Nikivuka kumuuliza, mlinzi ataona uso wangu.